JAZA HEWA IENDE! NANI ATAULIZWA MGUU UKIVUNJIKA?



Iko amri moja ambayo kila mmoja wetu ameisikia, awe kibarua wa kusukuma ndege, awe fundi mwenye leseni. Ndege ndogo imerudi kutoka kiwanja cha vumbi, nayo imeinamisha pua kama ng'ombe anywaye maji. Mguu wa mbele umeshuka. Oili nyekundu imechuruzika mpaka juu ya tairi, na vumbi limeganda juu ya oili. Abiria wa safari ya pili wamekwisha fika na mizigo yao. Tajiri anatoka ofisini, anatazama saa yake, halafu anasema: "Jaza hewa iende."

Ni maneno matatu tu. Sisi twasema kwamba maneno hayo ni hatari kwa rubani na kwa abiria, na kwa mfanya kazi ni hatari mara mbili: kwanza aweza kuumia akiyatii, na pili ndiye atakayeulizwa siku mguu utakapovunjika. Leo twaandika juu ya amri hiyo.

Tunajua wako watakaosema: chama cha wafanya kazi kina habari gani na mguu wa ndege? Kishughulikie mishahara! Twawajibu hivi. Mfanya kazi akifukuzwa kwa kosa la mguu ambao hakupewa nafasi ya kuutengeneza, mshahara wake umekwenda wote, si shilingi mbili tatu. Tena fundi mwenye leseni akinyang'anywa leseni, amenyang'anywa miaka yake yote ya kujifunza. Kwa hiyo jambo hili ni la mshahara, wala si geni kwetu.

Wengi wetu nyumbani kwetu ni Kitui na Makueni, na wengine kazi yenyewe iko huko. Mtu wa mjini akisikia uwanja wa ndege hufikiri lami, taa na mnara. Sisi twavijua viwanja vingine. Twavijua vya Kitui, Mutomo na Makindu, na vile vijia vilivyofyekwa karibu na vilima vya Chyulu na mpakani mwa Tsavo. Hivyo ndivyo viwanja ambako daktari hushukia, na askari wa wanyama, na watalii, na wakubwa wa serikali. Huduma ya madaktari warukao kwa ndege ilianzishwa Afrika Mashariki mwaka 1957, na tangu siku zile hata leo mgonjwa wa mbali hutegemea kwamba ndege ndogo itagusa mchanga na kuinuka tena salama. Nzige walipoingia Kenya mwisho wa mwaka 2019, na mwanzoni mwa 2020 wakafika mpaka Kitui, ni ndege ndogo zilizotumwa kuwanyunyizia dawa nchini. Basi asiwepo mtu wa kutuambia kwamba ndege hizi ni anasa ya matajiri tu.

Lakini tazameni ardhi yenyewe. Mvua ya Oktoba hadi Desemba, ambayo ndiyo mvua ya kutegemewa Ukambani, ikinyesha, maji huchimba mifereji kukata kiwanja toka upande huu hata upande wa pili. Mvua ikiisha, jua hukausha kingo za mifereji ile zikawa ngumu kama matofali. Mchwa hujenga vichuguu. Muhanga na ngiri huchimba mashimo usiku. Mbuzi hulishwa hapo, kwa maana nyasi za kiwanja ni nyasi kama nyasi nyingine, na mchungaji hana kosa. Miiba ya migunga huanguka juu ya mchanga, na mwiba wa mgunga hauulizi tairi hii ni ya baisikeli au ni ya ndege. Tena kuna jambo ambalo wengi hawalifikiri. Makindu iko karibu mita 1,000 juu ya bahari, na mji wa Kitui uko juu zaidi. Katika joto la saa nane mchana hewa ya huko ni nyepesi, na ndege hugusa ardhi kwa mbio kuliko ambavyo ingegusa Mombasa asubuhi. Kila shimo hupigwa kwa nguvu zaidi.

Na anayepigwa kwanza ni nani? Ni mguu wa mbele.

Hapa yafaa tueleze kidogo, kwa ajili ya wanachama wasiofanya kazi karibu na ndege. Ndege ndogo nyingi tunazozihudumia zina magurudumu matatu, mawili chini ya tumbo na moja chini ya pua. Magurudumu mawili ya tumboni ndiyo yaliyotengenezwa kubeba uzito wakati wa kutua. Lile la mbele kazi yake ni kuiongoza ndege ikiwa chini na kuizuia isiangukie pua. Halikutengenezwa kutuliwa. Cessna 172 ilipoanza kuuzwa mwaka 1956, kampuni iliyoitengeneza iliusifu mpango huo wa magurudumu kwa jina la "Land-O-Matic", kama kwamba ndege itatua yenyewe na rubani akunje mikono. Hilo lilikuwa neno la muuzaji. Sisi tunaofungua vifuniko vya injini twajua kwamba hakuna mguu unaojitua wenyewe.

Ndani ya mguu huo kuna vitu viwili, oili na hewa. (Twasema hewa, ingawa kilicho bora ni naitrojeni, maana haina unyevu wa kuleta kutu.) Hewa kazi yake ni kuibeba ndege isimame, kama springi. Oili kazi yake ni kumeza pigo. Gurudumu likipiga shimo, bomba la ndani hupanda juu, na oili husukumwa ipite katika tundu dogo. Inapita kwa shida, na katika shida ile nguvu ya pigo huisha. Bila oili ya kutosha, pigo halimezwi. Mguu hurukaruka kama mpira, au hugonga mwisho wake chuma kwa chuma, na pigo lote hupanda katika mwili wa ndege.

Sasa mwaona ubaya wa amri ya tajiri. Mguu umeshuka kwa sababu mipira ya kuzuia oili imekwisha. Oili imetoka. Ukijaza hewa peke yake, ndege itasimama vizuri. Pua itainuka, na ukipima kwa macho utasema mguu huu ni mzima. Abiria watapanda wakifurahi. Lakini kilichoinuka ni hewa, na kinachohitajika siku ya pigo ni oili, nayo iko chini imelowesha sakafu. Huo ni uongo uliopakwa rangi ya ufundi. Afadhali mguu ulioshuka, kwa kuwa husema kweli kwa kila mtu mwenye macho.

Kazi ya haki ni ipi? Hewa yote yatolewa kwanza, polepole. Mguu wasukumwa juu mpaka mwisho. Oili yamiminwa mpaka ifike kwenye tundu la kujazia, tena iwe oili ile iliyoandikwa katika kitabu cha ndege, siyo ya breki za lori iliyobaki katika kopo. Kisha gurudumu likiwa limeinuliwa kutoka ardhini, hewa yajazwa kwa geji mpaka kipimo kilichoandikwa. Kwa Cessna 172 nyingi kipimo hicho ni paundi 45 kwa inchi ya mraba. Ya 182 ni zaidi, na kila aina ina namba yake. Lakini kama mipira imekwisha, hata kazi hiyo ni bure, kwa maana oili itatoka tena kesho. Mguu ufunguliwe, mipira ibadilishwe, na bomba linalong'aa litazamwe kwa makini. Mchanga wa Makueni ukishikana na oili unakuwa kama msasa. Hukwaruza bomba, na bomba lililokwaruzwa hukata mpira mpya kabla ya wiki kwisha. Kitambaa safi chenye oili, cha kupangusa bomba lile kila jioni, kingeokoa mipira mingi. Kitambaa! Lakini tumeona banda ambamo vitambaa hununuliwa kwa hesabu kama dhahabu.

Na kazi haiishii kwenye oili. Ipo ile mikono miwili ya chuma iliyokunjana kama goti, ambayo sisi twaiita mkasi, inayozuia gurudumu lisigeuke ovyo. Bushi zake zikilika, gurudumu hucheza. Kipo kizuia mtetemo, kisilinda kidogo chenye oili yake. Ndege ikikimbia na gurudumu likaanza kutetemeka kulia na kushoto mpaka rubani anaona saa zote mbele yake zinacheza ngoma, tajiri husema, "Kaza bolti." Ukikaza bolti, mtetemo hupungua siku mbili, halafu hurudi na hasira. Sababu yaweza kuwa bushi, yaweza kuwa oili ya kizuia mtetemo imepungua, yaweza kuwa tairi halina mizani sawa au beringi zimelegea. Haijulikani mpaka gurudumu liinuliwe, lishikwe kwa mikono miwili, litikiswe. Beringi nazo zitolewe, zioshwe, zitazamwe kama zina vidonda au zimegeuka rangi kwa moto, zipakwe grisi mpya. Grisi mpya juu ya mchanga wa zamani ni kupoteza grisi.

Hayo yote yataka saa. Nusu siku, na kama mipira inabadilishwa, zaidi. Kazi ya dakika kumi ni ile ya pampu peke yake, na ndiyo sababu tajiri huipenda.

Sasa tuseme juu ya miili yetu wenyewe, maana mambo haya hayaandikwi katika matangazo ya kuuza tikiti. Mguu ule una shinikizo. Mtu akiambiwa fanya haraka, akafungua valvu kabla ya kutoa hewa yote, chuma kile kitaruka kama risasi na oili itamfuata usoni. Rimu ya gurudumu imefanywa kwa nusu mbili zilizofungwa kwa bolti. Mtu akifungua bolti hizo tairi likiwa bado na upepo, nusu moja yaweza kumvunja mkono au kumwua. Kila fundi aliyefundishwa ayajua haya. Lakini yule kibarua aliyechukuliwa langoni asubuhi, akapewa spana saa tatu, nani amemfundisha? Miwani ya kulinda macho iko wapi? Jeki ya haki iko wapi? Twajua mahali ambapo pua huinuliwa kwa kuwaamuru vijana wawili waning'inie kwenye bawa la mkia. Bati la mkia huumia, na vijana wakiteleza, pua huanguka juu ya yule aliye chini. Halafu huitwa ajali.

Na baada ya hayo inakuja hadithi ya kibarua aliyevunja ndege. Mguu umepasuka, tajiri ataka jina. Rubani hawezi kuwa yeye, yeye ni bwana mkubwa na kesho ataruka tena. Basi hupatikana yule aliyeisukuma kuiingiza bandani. Hatukatai kwamba ndege yaweza kuumizwa kwa kukokotwa. Mguu wa mbele wa Cessna ndogo una mpaka wa kugeuka, digrii 30 kila upande katika nyingi zao, na ukiulazimisha kupita hapo utavunja vizuizi vyake. Lakini kijana atajuaje mpaka huo ikiwa alama yake imefutika na haikupakwa rangi tena, na chuma cha kuvutia ndege kimepinda, na nyuma yake mtu anapiga kelele "haraka, haraka"? Mwenye kufuta alama na mwenye kupiga kelele hawaulizwi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ushahidi wa nani ameuvunja mguu mara nyingi umo ndani ya ndege yenyewe, na hapo ndipo twataka kila mwanachama awe na macho. Katika ndege hizi mguu wa mbele umefungwa kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu ya rubani. Rubani akitua kwa pua, au akipiga breki kwa nguvu kwa kuwa kiwanja cha Mutomo kinaisha na kichaka kinakaribia, pigo hupita mguuni likaingia katika ukuta ule. Bati hukunjamana. Riveti hulegea, rangi yake hupasuka na moshi mweusi hutoka pembeni. Cessna 182 yajulikana sana kwa jambo hili, maana injini yake ni nzito na pua hupenda kushuka. Fundi akifungua kifuniko cha injini, akaangaza taa chini, ataona mikunjo ile. Kibarua anayesukuma ndege kwa mikono hawezi kukunja ukuta ule. Mikunjo ile ni saini ya mtuo mbaya, na mtuo huo ulipaswa kuandikwa na rubani katika kitabu siku ile ile. Haukuandikwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika kazi yetu methali hii si mfano. Ni ukuta kweli, na kuujenga upya ndege hukaa bandani majuma kwa majuma.

Tajiri anayependa hesabu na apige hesabu hii. Mguu ukikubali kuanguka wakati injini inazunguka, propela itachimba ardhi. Propela ikichimba ardhi injini husimama ghafula, na watengenezaji wa injini wameandika kwamba injini iliyopata pigo hilo ni lazima ifunguliwe na kuchunguzwa ndani, hata kama propela inaonekana imepinda kidogo tu. Basi upande mmoja wa mizani weka mipira michache, oili kidogo na nusu siku ya mafundi wawili. Upande wa pili weka propela, injini iliyofunguliwa yote, ukuta wa bati, na ndege isiyochuma senti tangu mvua hata kiangazi. Na hapo hatujataja watu waliokuwa ndani.

Tajiri hujibu kwamba vipuri ni ghali, vyatoka Marekani, na fedha za kigeni zimepanda. Ni kweli vyatoka mbali. Lakini hatujasikia hata siku moja kwamba mafuta ya ndege ni ghali kwa hiyo ndege iruke bila mafuta. Husema pia kwamba rubani mzuri haumizi mguu. Hilo nalo lina ukweli kidogo. Rubani mzuri huizuia pua isiguse mpaka mwendo umepungua, nasi twawaheshimu marubani wa namna hiyo, wengine hushuka na kutuambia wenyewe, "Leo nimeugonga, utazameni." Lakini rubani mzuri pia hupita juu ya mfereji ambao hakuuona. Wako wanaosema dawa ni kuondoa gurudumu la mbele kabisa na kurudia ndege za gurudumu la mkia, kama Super Cub zinazopendwa porini. Ni kweli zavumilia ardhi mbaya. Basi anayetaka azinunue. Mpaka atakapozinunua, gurudumu la mbele lipo, na litunzwe.

Sasa twaja kwenye saini, na hapa tutasema na watu wa nyumbani kwetu pia. Kwa sheria za anga za Kenya, ndege iliyofanyiwa kazi hairudi angani mpaka mwenye leseni au idhini ya kazi hiyo atie saini kwamba kazi imefanywa sawa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, ndiyo itoayo leseni na ndiyo iwezayo kuichukua. Saini ile ni ya mtu, siyo ya kampuni. Wako wenye leseni ambao husaini wakiwa mezani na kikombe cha chai, kazi imefanywa na vijana, mguu hawajauona. Wanafikiri wanamsaidia tajiri. Siku ya uchunguzi tajiri ataonyesha karatasi na kusema, "Mimi si fundi, fundi alisaini." Kikulacho ki nguoni mwako. Na wale vijana waliofanya kazi kwa mikono yao, hawana karatasi yoyote. Miaka mitano, sita, wanapaka grisi, wanabadilisha mipira, wanaambiwa Wakamba wana mikono ya ufundi, wanasifiwa kwa maneno mazuri sana, na jioni hulipwa kibarua cha siku. Sifa hailipi karo. Kama mikono yao ni ya ufundi, wapelekwe shule ya ufundi wa ndege, waandikiwe saa zao za kazi katika kitabu, wafanye mitihani wapate leseni.

Wazee wetu waliofanya kazi katika reli wanajua kwamba jambo tunalolitaka si la ajabu. Makindu ilikuwa kituo cha reli kabla mtu hajaona ndege Ukambani. Katika reli mkaguzi wa mabehewa alipita na nyundo ya mpini mrefu, akagonga gurudumu moja moja na kusikiliza mlio. Gurudumu lililopasuka halilii kama zima. Likilia vibaya, behewa lilitolewa, hata kama ndani yake kulikuwa na mzigo wa nani. Hakuna aliyemwambia, "Gonga polepole lisilie." Mtu mwenye nyundo, mshahara mdogo, alikuwa na neno juu ya treni nzima. Kwa nini mtu mwenye geji na taa asiwe na neno juu ya ndege ya watu sita?

Sheria haiko mbali nasi. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 chatupa haki ya kazi yenye uadilifu, na haki ya kuwa na chama na hata kugoma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yampa mfanya kazi haki ya kuripoti hatari na kujiondoa mahali penye hatari kubwa iliyo karibu, wala haimruhusu tajiri kumfukuza kwa sababu amelalamika juu ya usalama. Lakini sheria iliyo kabatini haimzuii mtu kufukuzwa Ijumaa jioni. Itamzuia ikiwa wenzake wote wanaijua na tawi linasimama nyuma yake.

Kwa hiyo twataka yaandikwe katika mapatano yetu na waajiri mambo haya. Fundi au msaidizi yeyote akiona mguu una kasoro, atafunga kitambaa chekundu juu ya propela, na kitambaa hicho hakitafunguliwa na tajiri wala karani wala rubani, ila na mwenye leseni aliyeukagua mguu kwa macho yake na kuandika alichokiona. Kila mtuo mbaya uandikwe na rubani kabla hajaondoka uwanjani, na asiyeandika aulizwe yeye. Kila banda liwe na chupa ya naitrojeni, geji iliyopimwa, jeki, miwani, na kitabu cha ndege kinachoweza kusomwa, siyo kilichofungiwa katika droo ya meneja. Kibarua asiguse mguu wenye shinikizo kabla ya kufundishwa. Aliyefanya kazi ya ufundi kwa mwaka mzima asiitwe kibarua tena.

Juu ya viwanja, tunayo neno kwa serikali. Katiba imeiweka kazi ya usafiri wa anga kwa serikali kuu, lakini mbuzi, nyasi na mifereji viko Kitui na Makueni, na serikali za kaunti hukaa huko huko. Watu wawili wenye majembe na toroli, walioajiriwa kwa mwezi katika kila kiwanja, wangefukia mashimo, wangeokota miiba na kupiga simu Wilson kusema leo mfereji umekata kiwanja, msije. Vijana wa kufanya kazi hiyo wapo, wanakaa chini ya mti kando ya kiwanja wakitazama ndege ikiruka juu ya mfereji. Tumeona magari mapya ya wakubwa yakipita kando ya viwanja hivyo. Majembe hatujayaona.

Waajiri wengine watasema tunataka kuzuia kazi. Wao wenyewe, wakisafiri na watoto wao kwenda Chyulu kutazama ndovu, huja mapema kutuuliza pembeni, kwa sauti ya chini, "Huu mguu mmeutazama vizuri?" Basi wanajua. Twataka swali hilo liulizwe kwa sauti kubwa, na kwa kila abiria.

Katika mkutano ujao wa tawi jambo la kwanza litakuwa kitambaa chekundu. Wanachama walio Makindu, Kitui na Mutomo ambao hawawezi kufika watume habari kwa barua au kwa mwenzao: hali ya kiwanja, ndege zilizoondoka na mguu ulioshuka, tarehe na saa. Msiandike majina ya vibarua waliohusika. Mwekahazina ameombwa anunue vitambaa kwa fedha za tawi, mita ishirini, ili mwajiri asipate kisingizio kwamba havikupatikana.